Tendo la ndoa likiuma: mwongozo kamili kwa mwanamke wa Lamu

Mwanamke wa Lamu anayeumia akikutana na mumewe mara nyingi huwa ameshapita mikono mingi kabla ya kufika hospitali. Somo, yaani kungwi wake, amemwambia atazoea. Mama mkwe amesema ni chango. Mwingine amemtajia jini mahaba, na kombe limeshanywewa. Duka la dawa limemuuzia vidonge vya kuweka ukeni, vikaisha, wakamuuzia vingine. Maumivu yako pale pale.

Sina ugomvi na kombe wala dua. Anayetaka kusomewa na asomewe, lakini asomewe huku anatibiwa. Mwongozo huu unaanza na jambo ambalo watu huliruka: kujua maumivu yenyewe yako wapi na huja lini. Hilo ndilo atakalouliza daktari, na jibu lako litamwelekeza zaidi kuliko mashine nyingi.

Hatua ya kwanza: yatafute maumivu mahali pake

Kuna maumivu ya mlangoni na kuna maumivu ya ndani. Ya mlangoni huja mwanzoni kabisa, uume unapojaribu kuingia: huchoma, huwasha, huchanika, au mwili hubana hata pasipitike. Ya ndani hayaji mpaka kuingia kumeshapatikana, tena hupanda kwa mikao fulani au kwa kusukumwa kwa nguvu. Huhisiwa chini ya kitovu, upande mmoja wa nyonga, mgongoni au kuelekea njia ya haja kubwa. Baadhi ya wanawake wana yote mawili. Ukiweza kusema tu ni lipi kati ya hayo, umeshafanya nusu ya kazi.

Kisha uliza lini. Yalikuwapo tangu siku ya kwanza ya ndoa, au yalianza baadaye? Yalianza baada ya kuzaa, baada ya upasuaji, baada ya kuanza sindano ya kupanga uzazi, baada ya hedhi kukoma? Huja kila mara au karibu na hedhi tu? Yakishaanza, hukaa dakika ngapi, au huendelea hadi kesho yake?

Wanawake wengi wa hapa wana hazina ambayo hawajui kuwa ni ya kitabibu. Anayesali huhesabu siku zake: hedhi imeanza lini, twahara imepatikana lini, na damu iliyotoka nje ya siku zake ni ipi. Hesabu hiyo iandike daftarini au kwenye simu kwa miezi miwili. Pembeni yake andika siku ulizoumia, mahali palipouma, ute ulikuwa na rangi gani na harufu gani, na kama kukojoa au kwenda choo kikubwa kuliuma pia. Usiandike maelezo marefu. Mistari miwili kwa siku inatosha.

Chukua pia kioo kidogo, ujitazame mahali penye mwanga. Ukiosha mikono, gusa taratibu kwa ncha ya kidole kuzunguka mlango wa uke. Kuna sehemu moja tu inayochoma? Kuna kidonda, lengelenge, ngozi iliyopauka, kovu? Wengine hawajawahi kujitazama maishani na huona haya. Haya hiyo itaondoka.

Dalili ambazo hazingoji

Haya yakitokea, usikae na daftari. Nenda siku hiyo hiyo.

Maumivu makali ya ghafla chini ya tumbo, hasa ikiwa hedhi imechelewa, na zaidi ukihisi kizunguzungu, kuzimia au maumivu begani: huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na hiyo huua. Homa pamoja na maumivu ya nyonga na ute wenye harufu mbaya. Maumivu makali ya upande mmoja pamoja na kutapika, kwa sababu ovari yaweza kujisokota. Kutokwa damu nyingi.

Damu inayotoka baada ya tendo, au damu yoyote baada ya hedhi kukoma mwaka mzima na zaidi, si dharura ya usiku ule, lakini isivuke wiki kabla hujachunguzwa mlango wa kizazi na kizazi chenyewe.

Na ikiwa maumivu yametokana na kuingiliwa kwa nguvu, kuna saa za kuhesabu: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanza ndani ya saa 72, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Huduma hiyo hutolewa hospitali za umma, na nambari 1195 hupigwa bila malipo mchana na usiku.

Hatua ya pili: acha yanayochochea

Kabla ya dawa yoyote, ondoa vinavyouchokoza uke. Pwani yetu ina mambo mengi ya kujipendezesha, na mengine ni mazuri kwelikweli: udi wa nguo, asumini kitandani, vikuba. Viishie huko huko. Moshi wa udi unaoelekezwa ukeni hukausha na kuunguza ngozi laini. Shabu inayowekwa ndani ili kubana hukausha ute na kuacha michubuko, na michubuko hurahisisha maradhi kuingia. Hali kadhalika kuosha ndani kwa sabuni, maji ya chumvi, siki, au dawa za kuua vijidudu. Uke hujisafisha wenyewe. Nje, maji matupu yanatosha.

Halafu pumzikeni kuingiliana kwa wiki mbili tatu huku ukitafuta tiba. Huu si ushauri wa kuvunja ndoa. Kila mara unapovumilia maumivu, misuli hujifunza kujikinga kwa kubana, na safari ijayo hubana mapema zaidi. Kuvumilia, ambako tunakusifu sana kwa wanawake, hapa kunaongeza ugonjwa.

Usinunue dawa za antibiotiki dukani kwa kubahatisha. Ukishazimeza nusu nusu, vipimo huweza kutoonyesha kitu na vijidudu hujifunza kuzishinda.

Maumivu ya mlangoni: yanatoka wapi, yanatibiwaje

Ukavu ndio unaopatikana mara nyingi, nao ndio mwepesi kutibu. Mwili unahitaji muda wa maandalizi ili utoe ute wake. Mume akiwa na haraka, hata mwanamke mzima kiafya ataumia. Kunyonyesha hushusha homoni ya estrojeni, na ukavu huja hata kwa msichana wa miaka 20. Hedhi ikikoma, vivyo hivyo, na ngozi yenyewe huwa nyembamba. Baadhi ya wanawake huupata wakiwa kwenye sindano ya miezi mitatu. Jeli ya kulainisha yenye msingi wa maji hupatikana kwenye maduka ya dawa. Nunua isiyo na manukato. Mafuta ya nazi huwafaa baadhi, ila hudhoofisha kondomu ya mpira ikapasuka, basi msiyachanganye. Kwa aliyekoma hedhi, daktari anaweza kuandika krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, na mara nyingi nafuu huonekana baada ya wiki kadhaa. Sijui nani aliyewafunza mabibi zetu kuwa umri huo mambo hayo yamekwisha.

Maambukizi. Fangasi huleta muwasho mkali na ute mzito mweupe. Ute wa kijivujivu wenye shombo ni dalili ya bakteria waliopoteza mizani. Ute wa manjano au kijani wenye povu waweza kuwa trikomona, na hiyo huhitaji mume atibiwe wakati mmoja na mkewe, ama sivyo mtaambukizana tena. Fangasi wanaorudi kila baada ya muda mfupi wanataka kipimo cha sukari na cha virusi vya Ukimwi, si kopo jingine la krimu. Malengelenge yenye kuuma sana mara nyingi huwa ni hapisi (herpes), nayo ina dawa ya kuituliza.

Baada ya kuzaa. Arobaini ikitimia, watu wazima humwona mzazi yuko tayari. Kidonda cha kuchanika au cha kuongezwa njia kinaweza kuwa kimefunga juu lakini bado kigumu na chenye uchungu ndani. Kliniki ya wiki sita baada ya kujifungua huangukia karibu na siku hizo hizo: itumie, mwombe mkunga akitazame kidonda, usiende kumpeleka mtoto achanjwe tu. Kovu lililokaza hulainishwa kwa kusuguliwa taratibu na mafuta baada ya kupona. Lililoungana vibaya hurekebishwa hospitali.

Ukeketaji. Kenya imeupiga marufuku kwa sheria ya 2011, lakini wako wanawake wengi wazima kutoka bara ya Lamu na Tana River wanaoishi na makovu yake. Aliyeshonwa asifunguliwe nyumbani kwa wembe usiku wa harusi. Ni upasuaji mdogo, hufanywa kwa ganzi, na kufanywa kwake kabla ya ndoa au kabla ya uzazi humwokoa mwanamke mateso mengi.

Sasa lile ambalo hapa kwetu hueleweka vibaya kuliko yote: mwili kubana wenyewe. Madaktari huliita vajinismasi. Misuli inayozunguka uke hukaza bila mwenye nayo kutaka, kama jicho linavyofumba kidole kikilikaribia, na kadiri anavyohimizwa ndivyo inavyokaza. Huyu ndiye bi harusi anayelia siku zote za fungate huku watu wa nyumbani wakingoja habari. Hofu aliyopandishwa na simulizi za kutisha, kisarawanda (kitambaa cha damu ya ubikira) kinachosubiriwa, ukali wa usiku wa kwanza, maambukizi ya zamani, au unyanyasaji wa utotoni: lolote kati ya hayo laweza kuwa chanzo, na wakati mwingine hakipatikani chanzo chochote. Huyo si mkaidi, na hamchukii mumewe. Niseme na hili kwa kinywa kipana: wako wanawali wengi ambao hawatoki damu, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitaka ukaguzi wa bikira ukomeshwe kwa sababu hakuna uchunguzi unaoweza kuthibitisha jambo hilo.

Tiba yake ni mazoezi, na subira ya wiki hadi miezi. Lala chali, magoti juu, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua hadi tumbo liinuke, na wakati huo huo legeza sehemu za chini namna unavyolegeza unapoanza kukojoa. Toa pumzi polepole. Fanya hivyo dakika 10 kila siku kwa wiki ya kwanza bila kugusa kitu. Wiki inayofuata, ukiwa peke yako, kata kucha, nawa, paka jeli, uweke ncha ya kidole kidogo mlangoni. Ukihisi kubana usisukume. Kaa hapo hapo, pumua, ngoja misuli ichoke kubana. Kidole kimoja kikishaingia bila shida siku kadhaa mfululizo, nenda kwenye kikubwa zaidi, kisha viwili. Vipo pia vipanuzi laini vya kitabibu vinavyopanda ukubwa, ambavyo mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukuelekeza. Baadaye kabisa ndipo kinapokuja kidole cha mume, na mkono wake unauongoza wewe.

Kuna zoezi ambalo wengi hufunzwa na makungwi: kubana na kuachia ili uke uwe imara. Zoezi hilo lina faida zake kwa aliyelegea baada ya uzazi. Kwa ambaye misuli yake tayari imekaza, ni kuongeza kuni. Mwenye vajinismasi ajifunze kuachia kwanza.

Ikiwa hakuna ute mbaya, hakuna kubana, na bado sehemu ndogo ya mlangoni inachoma hata kwa kuguswa na pamba, huenda neva za pale ndizo zenye hitilafu. Ngozi yenye mabaka meupe na muwasho wa usiku pia ina jina lake na krimu zake. Hayo mawili hukosewa sana kwa kuitwa fangasi, kwa hiyo dawa ya fangasi ikishindwa mara mbili, rudi uonwe na daktari wa kina mama.

Maumivu ya ndani

Maambukizi ya nyonga huanzia chini, mara nyingi kwa magonjwa ya zinaa kama klamidia au kisonono, yakapanda kwenye kizazi na mirija. Klamidia yaweza kukaa kimya muda mrefu bila dalili yoyote kwa mke wala mume. Matibabu huwa ni mchanganyiko wa antibiotiki, kwa kawaida kwa siku 14, na mume hutibiwa pia. Hakuna kukutana mpaka nyote mmemaliza na wiki imepita. Ukiacha dawa siku ya tano kwa sababu umepata nafuu, mirija inaweza kuziba, na uzazi ukawa mgumu baadaye.

Endometriosisi ni hali ambayo tishu zinazofanana na utando wa ndani ya kizazi huota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria huwapata karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Dalili yake kubwa ni hedhi inayomlaza mtu chini, maumivu ya ndani wakati wa tendo, na haja kubwa inayouma siku za hedhi. Huyu ndiye hasa aliyeambiwa chango tangu ana miaka 13. Jambo la kulijua kabla hujalipa pesa: picha ya ultrasaundi inaweza kutoka safi kabisa na ugonjwa ukawa upo. Ukiambiwa "picha haina kitu" lakini daftari lako linaonyesha maumivu yanapanda na kushuka na hedhi, litoe daftari. Tiba huanza kwa dawa za maumivu aina ya ibuprofeni na dawa za homoni, ikiwemo vidonge, sindano au kitanzi chenye homoni. Ikishindikana, upasuaji wa matundu madogo. Yale maneno kuwa ukizaa utapona hayana uhakika. Wako waliozaa watatu na bado wanaumwa.

Uvimbe wa kizazi, fibroidi, ni wa kawaida sana kwa wanawake weusi, na mwingi hauna madhara. Ukikutwa na fibroidi ndogo usikubali haraka kuwa ndiyo sababu ya maumivu. Uliza iko upande gani na ina ukubwa gani. Vivimbe vya maji kwenye ovari navyo mara nyingi hupotea vyenyewe, ndiyo maana daktari hukuambia urudi kupiga picha baada ya wiki 6 hadi 12. Upasuaji wa zamani, hata wa kujifungulia, unaweza kuacha viungo vimeshikana ndani. Kibofu kinachouma na choo kigumu cha muda mrefu husahaulika katika hesabu hii, na mara nyingi vyote viwili hutibika.

Kichocho kinahitaji aya yake, kwa sababu ya mahali tulipo. Maji ya bahari hayana kichocho, lakini mito, mifereji na mabwawa ya maji baridi yenye konokono huwa nacho, na Pwani ya Kenya kichocho cha mkojo kimekuwapo tangu zamani. Ukiwa umekulia karibu na Mto Tana au bwawa lolote la maji baridi, ukioga, kufua au kulima mpunga, mayai ya minyoo huweza kukaa kwenye uke na mlango wa kizazi miaka mingi baada ya kuhama. Huleta maumivu, ute, na damu baada ya tendo. Mkojo waweza kupimwa na usionyeshe kitu. Kwa kuwa dalili hufanana na magonjwa ya zinaa, mke hushukiwa uzinzi asioujua, na ndoa huvunjika kwa ajili ya mnyoo wa mtoni. Mwambie daktari ulikulia wapi, hata kama hajauliza. Dawa ni prazikwanteli, ambayo huhesabiwa kwa uzito wa mwili. Huua minyoo, ingawa madoa yaliyokwisha kufanyika ukeni huweza kubaki na kuhitaji kufuatiliwa.

Mwisho wa upande huu ni saratani ya mlango wa kizazi. Si sababu ya kawaida ya maumivu ya tendo, lakini ndiyo isiyosamehe kucheleweshwa. Uchunguzi wake ni rahisi: mlango wa kizazi hupakwa siki na kutazamwa, au huchukuliwa sampuli kupima virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza miaka 30, na 25 kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi. Ukienda kwa ajili ya maumivu, omba na huu ufanywe hapo hapo, usije ukarudi safari mbili. Binti yako wa miaka 10 apate chanjo ya HPV. Kenya ilianza kuitoa 2019.

Pa kwenda

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Muuguzi na afisa wa kliniki wanaweza kutibu maambukizi mengi, kupima mkojo, mimba na virusi vya Ukimwi, na kukupa barua ya rufaa. Kwa Lamu, hospitali kubwa ni ya King Fahd, mjini. Kisiwani Pate kuna hospitali ya Faza, na bara kuna Mpeketoni. Anayetoka Kizingitini au Siyu ajue maji yanajaa na kupwa saa ngapi na boti inarudi lini, maana kusubiri foleni kunaweza kukulaza mjini. Panga na jamaa mapema, na wakati wa kusi acha siku ya ziada. Hatua ya juu yake ni Malindi, Kilifi, na kwa upasuaji mgumu Coast General ya Mombasa, ile watu waijuao kwa jina la Makadara.

Wapo wanaokwenda Malindi moja kwa moja ili wasionekane na shemeji kwenye benchi la Lamu. Siwalaumu, mji wetu ni mdogo. Wahudumu wa afya wamefungwa na siri ya mgonjwa, nawe una haki ya kusema mapokezini "nimekuja kliniki ya kina mama" bila kueleza zaidi mbele ya watu. Asiyeolewa naye aende. Hakuna cheti cha ndoa kinachoulizwa.

Jisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, kabla hujaugua zaidi. Mamlaka hiyo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#. Kwa aliyesajiliwa, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa na serikali. Hospitalini michango iwe imelipwa, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ambacho asiye na ajira hutakiwa kukilipa kwa mwaka mzima pamoja. Picha na vipimo vingine huenda vikakutoa mfukoni, kwa hiyo uliza bei kabla ya kukaa kwenye foleni yake.

Ndani ya chumba cha daktari

Usiseme "tumbo linaniuma" kisha ukanyamaza. Ndilo kosa linalowarudisha wengi nyumbani na dawa ya minyoo. Sema hivi, hata kama ni kwa kusoma kwenye karatasi: "Daktari, nikikutana na mume wangu naumia. Naumia mlangoni, panachoma tangu mwanzo. Yalianza miezi minane iliyopita, baada ya kujifungua. Damu haitoki." Badilisha yawe yako. Sentensi nne tu, na mazungumzo yameshakwenda njia yake.

Ukitaka kuhudumiwa na mwanamke, sema mapema mapokezini; asipokuwapo, omba muuguzi wa kike asimame nawe wakati wote. Daktari atatazama nje kwanza, kisha anaweza kuingiza spekula, kifaa cha kufungua uke, kuona ndani, na vidole kupima kizazi na ovari. Unaweza kuomba spekula ndogo, kuomba uelezwe kila kitu kabla hakijafanyika, na kusema "basi" wakati wowote. Daktari mzuri husimama pale pale. Anayebana asilazimishwe, uchunguzi unaweza kuahirishwa na matibabu ya kulegeza yakaanza.

Picha ya ultrasaundi ya juu ya tumbo hutaka kibofu kilichojaa: kunywa maji ya kutosha saa moja kabla na usikojoe. Ile ya kuingizwa ukeni hutaka kibofu kitupu, na kile kifaa unaweza kuomba ukiingize mwenyewe.

Ukipewa dawa uliza mambo haya kabla hujainuka: ugonjwa unaoshukiwa unaitwaje, dawa hii inamezwa siku ngapi, mume atibiwe au la, na nirudi lini nisipopata nafuu. Katika Ramadhani mwambie daktari kuwa unafunga. Dawa nyingi zipo za mara moja au mbili kwa siku, zinazoingia kwenye futari na daku. Usiipange upya mwenyewe dawa ya mara tatu.

Mume na chumba

Mwambie mchana, si kitandani, na si katikati ya ugomvi. Maneno mafupi hutosha: "Baba fulani, nataka tukae vizuri, lakini naumia. Si kwamba sikutaki. Nimekwenda hospitali, na daktari amesema tupumzike wiki kadhaa." Waume wengi hudhani mke amewachoka; wakijua kuna ugonjwa wenye jina na dawa, hubadilika. Akiwa mgumu kusikia, mwombe aje kliniki, maana kuna wanaume wanaolielewa jambo likisemwa na daktari na wasilielewe likisemwa na mke. Somo mwenye busara naye anaweza kusaidia, ikiwa tu haji na hadithi ya kuzoea. Na mume anayelazimisha baada ya kuambiwa anavunja sheria: ile ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inahesabu unyanyasaji wa kingono ndani ya ndoa.

Mkirudi kukutana, rudini kwa ngazi. Siku za mwanzo iwe ni kukaribiana bila kuingiliana kabisa, na makubaliano hayo yasivunjwe hata mambo yakienda vizuri, kwa sababu mwili wako unahitaji kuamini kuwa ukiguswa hauelekei kwenye maumivu. Baadaye tumieni jeli kwa wingi, na wewe uwe juu au mlale ubavu, ili kina na mwendo viwe mikononi mwako. Kikianza kuuma, simameni. Siku nyingine mwanze ngazi moja nyuma ya hapo.

Dawa ikiisha na maumivu yakabaki

Ngoja wiki mbili baada ya kumaliza dawa, halafu rudi na daftari lile lile, kwa mhudumu yule yule ukiweza, au kwa aliye juu yake. Sema wazi: "Nilimeza dawa zote, mume pia alimeza, bado naumia." Usikubali antibiotiki ile ile mara ya tatu bila kipimo. Omba barua ya rufaa kwa daktari wa kina mama. Mara nyingi sababu huwa zaidi ya moja: maambukizi yamepona, lakini misuli iliyojifunza kubana wakati wa ugonjwa bado inabana, na hiyo hutaka mazoezi yale ya kupumua na kidole. Au kinyume chake: mwanamke amefanya mazoezi miezi mitatu, mlango umelegea, ndipo maumivu ya ndani ya endometriosisi yakajitokeza peke yake.

Kila karatasi unayopewa, picha, majibu ya maabara, jina la dawa, ipige picha kwa simu. Faili hupotea, madaktari huhamishwa, na ukifika Makadara bila karatasi utaanza vipimo upya kwa pesa zako.